Mali Bila Daftari: Kiwanja cha Mapinga Kinalindwaje?

Ukitoka Bunju ukaingia Mapinga, umeiaga Dar es Salaam na kuingia Wilaya ya Bagamoyo, Mkoa wa Pwani. Ukiacha lami ukafuata njia za vumbi kuelekea baharini au upande wa bara, utaona kuta za tofali zilizozunguka eneo tupu, hakuna nyumba wala banda, ila nyasi na minazi miwili mitatu. Juu ya ukuta pameandikwa kwa rangi: "Kiwanja hiki hakiuzwi." Wengine huongeza namba ya simu. Wengine huandika onyo kwa matapeli.

Mwenyeji wa ukanda huu hashangai kuona mtu akitangaza kwamba hauzi. Mwenye kiwanja anaishi Mbagala, Mwanza au Maskati, na anajua kwamba siku yoyote dalali anaweza kumleta mnunuzi, akamwonyesha ardhi safi isiyo na mtu, na mtu wa tatu akajitokeza kujiita mwenye mali. Yale maandishi yapo kwa ajili ya huyo mnunuzi. Yanamwambia: aliyekuleta hapa si mwenyewe.

Lakini rangi hiyo haizuii jirani kusogeza mpaka. Haimzuii mtoto wa marehemu kudai kwamba baba yake hakuuza eneo lote, wala haizuii barabara kupanuliwa. Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Ardhi hudhurika kwa njia nyingi, na kila kinga tunayoitumia imetengenezwa kwa ajili ya dhara lake. Ukuta una kazi yake, hati ina yake, jirani ana yake. Wengi wanaopoteza viwanja vyao Mapinga, Kerege, Zinga na kwingineko walikuwa na kinga fulani mkononi, ila dhara lililowapata lilikuwa la aina nyingine.

Madhara yenyewe

Tuyataje moja moja. La kwanza ni kuuziwa na mtu asiye na haki ya kuuza. La pili ni kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili au watatu. La tatu ni mpaka kusogezwa, hatua moja mwaka huu na hatua mbili mwaka ujao. La nne ni kuvamiwa, mtu akaingia, akajenga na kukaa. La tano ni ardhi kutwaliwa kwa matumizi ya umma, au kugundulika kwamba haikutakiwa kujengwa tangu mwanzo.

Matatu ya mwanzo huanzia siku ya kununua au karibu yake, hata kama maumivu huja miaka kumi baadaye. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ulinzi wa kiwanja hufanyika kabla fedha hazijatoka mfukoni. Baada ya hapo kinga zinazobaki ni chache na ni ghali.

Haki iliyopiganiwa

Leo tunachukulia kuwa shamba la mtu, hata lisilo na hati, ni mali yake na sheria inamlinda. Haikuwa hivyo siku zote, na pwani ya Bagamoyo inalijua hilo vizuri. Wajerumani, ambao makao makuu yao yalikuwa Bagamoyo hadi 1891 walipohamia Dar es Salaam, walitoa amri mwaka 1895 iliyoifanya ardhi yote isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe kuwa mali ya dola. Mwenye nyaraka alitambulika kwa urahisi. Aliyelima kwa mila, ambaye ushahidi wake ulikuwa kaburi la babu na miembe aliyoipanda, alibaki katika hali ya mashaka. Sheria ya Waingereza ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote chini ya usimamizi wa Gavana kama ardhi ya umma, na ilipofika 1928 ndipo umiliki wa kimila ulipoingizwa wazi katika sheria hiyo.

Baada ya uhuru ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Watu walihamishwa na mashamba ya wengine yakagawiwa wengine. Wenye mashamba ya awali walipoanza kwenda mahakamani kudai, Bunge lilipitisha sheria mwaka 1992 iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa na operesheni hiyo na kufunga mlango wa mahakama. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay, wakulima wa Mkoa wa Arusha, walipinga. Shauri lao lilifika Mahakama ya Rufani, na mwaka 1994 Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake waliamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali kamili. Kwa hiyo inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba, ambayo inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na haki ya hifadhi ya mali hiyo, na inakataza mtu kunyang'anywa bila fidia inayostahili.

Uamuzi huo ndio anaosimama juu yake, ajue au asijue, kila mkulima wa Mapinga aliyerithi shamba la minazi bila karatasi. Sheria mbili za ardhi za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zilizoanza kutumika Mei 2001, zilikuja baada yake na kuipa haki ya kimila hadhi sawa na haki ya kupewa na serikali. Zilisema pia kwamba haki ya mwanamke juu ya ardhi ni sawa na ya mwanamume. Bado ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Tunachouziana ni haki ya kuitumia.

Nani ana haki ya kuuza

Swali la kwanza la mnunuzi huwa ni bei. Lingefaa kuwa: ardhi hii ni ya aina gani? Sheria inagawa ardhi katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Katika ukanda kama wa Mapinga, ambako mji unamfuata mkulima shambani, viwanja vilivyopimwa na mashamba ya zamani hukaa bega kwa bega. Mtu akinunua bila kujua yuko upande gani, hajui hata ofisi ya kwenda kuuliza.

Kama ni ardhi ya kijiji, muuzaji hana uwezo wa kumpa mgeni peke yake. Halmashauri ya kijiji lazima iridhie. Mwaka 1985, katika shauri la Methuselah Paul Nyagwaswa dhidi ya Christopher Mbote Nyirabu, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini ya kijiji ni batili, na mahakama zimeendelea kuufuata msimamo huo. Halmashauri ni kikao, chenye wajumbe, mahudhurio na muhtasari. Mwenyekiti anayegonga muhuri sebuleni kwake jioni si halmashauri. Mnunuzi mwenye busara haombi muhuri peke yake. Anaomba nakala ya muhtasari wa kikao kilichomjadili.

Kisha anatazamwa muuzaji mwenyewe. Mashamba mengi ya pwani ni ya urithi, na hapa ndipo migogoro mingi inapozaliwa. Marehemu ameacha watoto saba. Mmoja anaishi shambani, ndiye anayejulikana na majirani, na ndiye anayeuza. Lakini kuishi shambani hakumpi haki ya kuuza fungu la wenzake. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na ushahidi wake ni barua ya usimamizi, ambayo mnunuzi anapaswa kuiona kwa macho yake na kuihakiki katika mahakama iliyoitoa. Maneno kama "familia imekubaliana" hayatoshi, hata yakisemwa na shangazi na wajomba mbele ya chai.

Na mwenza je? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kinga hii imewekwa kwa ajili ya mke ambaye jina lake haliko popote kwenye karatasi, na inamlinda mnunuzi pia akiijua: saini ya mwenza leo ni shauri moja pungufu kesho. Muuzaji akisema hajaoa, aape kiapo cha maandishi.

Karatasi ya mauziano

Sasa tuisome karatasi yenyewe, ile ya ukurasa mmoja inayoandikwa kwenye stationery ya karibu na stendi. Kwa kawaida inasema hivi: mimi fulani, kwa akili timamu na bila kushurutishwa, nimemuuzia fulani kipande cha ardhi chenye ukubwa wa hatua 20 kwa 20, kilichopo kitongoji fulani, kwa shilingi kadhaa. Mipaka: kaskazini ni kwa Mzee fulani, kusini njia, mashariki mwembe, magharibi muuzaji mwenyewe. Mashahidi ni wawili kila upande, chini kuna muhuri, na pembeni picha ndogo za pasipoti.

Kuna mazuri humo. Sheria ya Ardhi inataka mikataba ya kuhamisha ardhi iwe ya maandishi, kwa hiyo karatasi hiyo ni bora mara elfu kuliko maneno ya mdomo. Mashahidi wanataja majina, picha inazuia mtu kukana sura yake.

Lakini itazame tena. Hatua 20 ni hatua za nani? Mtu mrefu na mtu mfupi wakipita mpaka huo huo wataachana kwa mita kadhaa. Mwembe wa mashariki ukikatwa, mpaka unabaki kwenye kumbukumbu ya watu wanaozeeka. Na mpaka wa magharibi, "muuzaji mwenyewe", ndio hatari kuliko yote, kwa sababu mwakani muuzaji atauza kipande kinachofuata kwa mtu mwingine, naye atapimiwa kwa hatua nyingine kuanzia mahali pengine. Humo ndimo mipaka inamopandana, na mara nyingi hakuna hata mmoja aliyekusudia kudhulumu.

Dawa yake inajulikana. Siku ya kupima, majirani wote wanne wawepo na wasaini, kila mmoja upande wake. Vipimo viandikwe kwa mita za futi kamba. Kila kona ichukuliwe alama za mahali kwa kifaa cha mpimaji, na namba hizo ziandikwe kwenye mkataba. Pandeni minyaa au mibono kwenye mpaka siku hiyo hiyo, mbele ya macho ya wote. Malipo yapite benki, ili siku ya ubishi iwepo taarifa ya benki inayosema nani alimlipa nani, kiasi gani na tarehe gani. Ushuru wa stempu ulipwe, kwa maana mkataba usiolipiwa ushuru huo haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ulipiwe.

Daftari

Wazee wa pwani, watu wa biashara, walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika ardhi, daftari ni rejista ya Msajili wa Hati. Kiwanja kilichopimwa, ramani yake ikaidhinishwa, na hati ikatolewa na kusajiliwa, kimepata kinga ambayo karatasi ya stendi haiwezi kuitoa. Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba mwenye hati iliyosajiliwa huhesabiwa kuwa mmiliki halali mpaka ithibitishwe kwamba hati hiyo haikupatikana kihalali. Mzigo wa kuthibitisha unamhamia anayebisha, na huo ni msaada mkubwa kuliko mashahidi kumi.

Faida ya pili ya daftari ni kwamba linasomeka. Kabla ya kununua kiwanja chenye hati, mnunuzi hulipa ada na kuomba upekuzi rasmi. Jibu humwambia mmiliki ni nani, kama kuna mkopo wa benki juu ya kiwanja, na kama kuna zuio. Hati aliyoishika muuzaji mkononi inaweza kuwa nakala ya kughushi yenye karatasi nzuri na muhuri mzuri. Upekuzi hauangalii karatasi yake, unaangalia daftari. Risiti za pango la ardhi pia hazitoshi, maana risiti inaonyesha kwamba fulani amelipa, haisemi kwamba fulani anamiliki.

Zuio lenyewe ni kinga ambayo wananchi wachache wanaijua. Mtu mwenye maslahi katika ardhi iliyosajiliwa, iwe ni mke, mrithi, au mnunuzi anayelipa kwa awamu, anaweza kumwomba Msajili aweke zuio kwenye rejista. Likishawekwa, muuzaji hawezi kuhamisha kimya kimya. Mmiliki hupewa taarifa na anaweza kuomba liondolewe, kwa hiyo zuio haliamui nani ana haki. Linasimamisha mambo hadi haki ijulikane. Hilo pekee limetosha kuokoa nyumba za wajane.

Kwa ardhi ya kijiji ipo hatimiliki ya kimila, inayotolewa na halmashauri ya kijiji na kuandikwa katika masjala ya ardhi ya kijiji. Ni hati ya kweli, si ya daraja la pili.

Kuwepo

Hati ikiwa kabatini Ilala na kiwanja kikiwa Mapinga, kati yao kuna pengo ambalo wavamizi wanalijua. Sheria ya ukomo ya mwaka 1971 inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kufungua shauri la kuirudisha tangu aliponyang'anywa. Ikipita bila kufanya lolote, mlango wa mahakama unaweza kufungwa. Haimaanishi kwamba mvamizi akikaa miaka 12 ardhi inakuwa yake moja kwa moja. Mahakama zimeweka masharti magumu, na aliyeingia kwa ruhusa yako, kama mlinzi au ndugu uliyempa sehemu ya kulima mihogo, hawezi kugeuza ukarimu wako kuwa umiliki. Ila lazima uweze kuonyesha kwamba aliingia kwa ruhusa. Makubaliano ya nusu ukurasa na huyo mlinzi, yenye saini na shahidi, yana thamani kuliko ukuta wa tofali elfu tatu.

Kinga nzuri kuliko zote katika kundi hili haina gharama: majirani wanaokujua kwa jina na kwa sura. Nenda msibani. Changia barabara ya mtaa. Acha namba yako kwa watu wawili watatu wa pande zote za kiwanja. Dalali anapomleta mtu, wa kwanza kuulizwa ni jirani, na jibu lake linaweza kuua utapeli palepale.

Ambayo hati haiyazuii

Kuna madhara ambayo hati haiyazuii. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ukingo wa mto, na mikoko ni hifadhi ya misitu hata kama dalali anakuonyesha mandhari ya bahari kati ya mizizi yake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Ndiyo asili ya alama za X tulizoziona ukutani: nyekundu kwa waliojenga ndani ya eneo la zamani la hifadhi, kijani kwa waliokutwa na nyongeza, ambao wanastahili fidia.

Na kuna serikali kutwaa ardhi kwa mradi wa umma. Hapa Bagamoyo mfano uko jirani. Mkataba wa bandari mpya na mshirika wa China ulitiwa saini 2013, jiwe la msingi likawekwa Mbegani Oktoba 2015, na kufikia 2019 mradi ulikuwa umekwama. Katika miaka hiyo, watu wa vijiji kama Pande na Mlingotini walithaminiwa mali zao ili wapishe. Hati haizuii kutwaliwa. Inachofanya ni kukupa haki ya fidia kamili, ya haki na ya haraka, inayohesabu thamani ya soko ya ardhi, usumbufu na gharama za kuhama. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inasema fidia isipolipwa ndani ya miezi 6 inaanza kuzaa riba, na uthamini ukipitisha miaka 2 bila malipo hauna nguvu tena, lazima ufanywe upya. Anayejua hilo anaweza kudai. Asiyejua husubiri.

Jukumu la nani?

Mpaka hapa nimezungumza na mnunuzi, na si haki kumwachia yeye mzigo wote. Mgogoro ukitokea, baraza la kata leo lina kazi ya kusuluhisha tu. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliliondolea uwezo wa kuamua, na suluhu isipopatikana ndani ya siku 30 wahusika huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu, kisha Rufani. Mwaka huo huo sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, jambo jema sana kwa mama wa Mapinga ambaye kwa miaka alisikia hatma ya shamba lake ikijadiliwa kwa lugha asiyoielewa. Lakini safari hiyo ni ndefu, na wengi hufa kabla ya kufika mwisho wake.

Kinachoweza kupunguza safari hizo ni kidogo na kiko ndani ya uwezo wa halmashauri zetu. Kila ofisi ya kijiji na mtaa ibandike ukutani ramani ya eneo lake, inayoonyesha ardhi ipi ni ya kijiji, ipi imepimwa, wapi ni hifadhi ya barabara na wapi mita 60 za bahari zinaishia. Kuwe na daftari moja la mauziano, lenye namba, ambalo mnunuzi yeyote anaweza kulisoma kabla ya kulipa. Daftari hilo moja likitunzwa kwa uaminifu, kiwanja hakiwezi kuuzwa mara ya pili bila mtu kuona kwamba kimeshauzwa.

Hadi siku hiyo, kuta za Mapinga zitaendelea kuandikwa rangi, na kila mwenye kiwanja atajilinda peke yake dhidi ya kila mtu. Mwananchi mmoja mmoja anaweza kujilinda hivyo, kwa gharama kubwa na kwa wasiwasi. Jamii yenye daftari wazi humlinda hata yule asiyejua kusoma hati, na kazi ya sheria ya ardhi, tangu ile hukumu ya 1994, ni kumlinda huyo kwanza.